Isale Nyuma ya Zizi la Mbuzi

Mama, shikamoo.

Naanza na salamu kwa sababu ndivyo ulivyonilea, si kwa sababu nina amani na wewe. Sina. Ungekuwa hai ningevuta kigoda nikakaa mbele yako pale jikoni Uru, nikakuuliza uso kwa uso, na wewe ungejifanya unapuliza moto ili usinijibu. Sasa umelala kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, kati ya migomba uliyoipanda kwa mikono yako, na mimi niko huku Rau mjini na hasira isiyo na pa kwenda. Kwa hiyo naandika. Wala barua hii sitaifungia kabatini. Atakayetaka kuisoma aisome, maana katika nyumba yetu mambo yamefichwa vya kutosha.

Nataka tuzungumze habari za lile isale.

Wewe huhitaji kuelezwa isale ni nini. Lakini wajukuu zako wamekulia mjini, kwao ni majani tu ya kupambia lango siku ya harusi, basi niwaambie kidogo. Isale ndilo tunalolipanda mipakani mwa vihamba na kwenye makaburi ya wazee. Na mtu akikukosea, halafu akamtuma mzee akuletee isale, mambo yamekwisha. Unapokea, unasamehe, mnakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi. Hata kama alikuchomea nyumba. Anayekataa isale anajiitia laana yeye na kizazi chake, na sijawahi kumsikia mtu wa kwetu aliyethubutu. Ndivyo tulivyofundishwa, nami niliamini kama ninavyoiamini sala ya Baba Yetu.

Sasa lile la kwetu lilikuwa na vituko vyake. Lilisimama peke yake nyuma ya zizi la mbuzi, mahali ambapo hapana mpaka wala kaburi, karibu na lundo la samadi. Kwa samadi hiyo likanawiri mpaka likampita mtu urefu. Mdogo wangu Kanuti aliwahi kulikata jani akatengeneza upanga wa kuchezea, ukamchapa kwa fimbo ya mkahawa mpaka majirani wakaita kutoka njiani kuuliza kuna nini. Kanuti, mboni ya jicho lako, ambaye hata akivunja chungu ulisema chungu chenyewe kilikuwa kibovu! Mimi nilikuwa msichana mkubwa tayari. Siku nyingine tukiwa tunachuma kahawa nikakuuliza, "Mama, lile isale ni la nani?"

Hukuinua macho. "La mtu aliyekosea nyumba," ukasema, ukaendelea kuchuma.

Nilicheka. Nilidhani ni utani wako, maana ulikuwa na maneno mafupi yaliyokuwa yanatuchekesha sote. Sikujua kwamba siku ile ulikuwa unanijibu kweli.

Turudi kwa Bibi, maana ndiko moto ulikowashwa. Bibi, mama yake Baba, aliishi kwetu kwa sababu Baba alikuwa kitinda mimba, na kwa desturi yetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na ndiye anayewazika. Kaka yake, Baba Mkubwa, alikuwa na kihamba chake juu yetu, ng'ambo ya mfereji wa maji. Bibi alipolala kitandani asiinuke tena, wewe ndiye uliyembeba. Ulimlisha uji kwa kijiko. Ulimfulia matandiko kwa maji ya mfereji, maji yanayotoka juu mlimani, baridi ya kuuma mifupa, mpaka vidole vyako vikapasuka. Mimi ndiye niliyekuwa nachota maji yake ya kunywa. Wewe ulimwinua kichwa, mimi nikashika kikombe. Siku za mwisho alikuwa hamezi tena, ukawa unamlowesha midomo kwa kitambaa safi, ukimwimbia nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Nakumbuka nikamwonea wivu Bibi, nikasema moyoni, na mimi nikizeeka nataka mtu wa kunitunza hivi.

Bibi akafa wakati Baba yuko Tanga kwenye kazi zake za ujenzi. Habari zilimfikia kwa kuchelewa, na Baba Mkubwa hakusubiri. Alimchukua Bibi akamzika kwake, ng'ambo ya mfereji, ilhali kaburi la Babu liko kwetu. Watu walipouliza kwa nini, alisimama mbele ya waombolezaji wote akasema, "Mama yetu amekufa na kiu kwenye nyumba ya mke wa mdogo wangu. Siwezi kumwacha alale pale."

Nilikuwepo, Mama. Nilikutazama. Ulikuwa unamenya ndizi za msibani pamoja na wanawake wenzako, nao wote wakainamisha vichwa. Ulimaliza ile ndizi, ukachukua nyingine.

Baba aliporudi alikuta udongo wa kaburi umeshakauka. Waligombana pale mferejini mpaka majirani wakatoka kuwaamua. "Kwa nini umeniibia mama yangu?" Baba alipiga kelele. Nilisubiri aseme na lile jingine. Nilisubiri aseme, kwa nini umemtukana mke wangu? Nilikuwa mtoto, lakini nilijua lipo na nilijua ni zamu yake kulisema. Hakulisema. Wanaume wawili waligombania kaburi, na jina lako hakuna aliyeligombania.

Tangu siku hiyo tukakatazwa kuvuka mfereji. Watoto wa Baba Mkubwa, tuliokuwa tukilala nao kitanda kimoja na kugombania blanketi, tukawa tunapishana nao njiani bila salamu. Kanisani wao walikaa upande wa kushoto, sisi upande wa kulia. Padri akisema tupeane amani, kila upande ulipeana amani wenyewe kwa wenyewe, tukatoka tumeridhika kabisa.

Lakini Krismasi ndiyo inayoniuma. Kwetu mbuzi akichinjwa kila kiungo kina mwenyewe: kuna fungu la mama, la shangazi, la mjomba, na la kaka mkubwa. Baba alilikata fungu la kaka yake kila mwaka. Alilitundika juu ya moto jikoni, hakusema ni la nani, na hakuna aliyeuliza. Mtu akikohoa njiani Baba aligeuza shingo. Mbwa akibweka aligeuza shingo. Nyama ilining'inia pale ikikauka kwa moshi, mpaka wewe ukaishusha, ukaipika na ndizi, tukaila nyama ya Baba Mkubwa kimya kimya huku Baba ameinamia sahani yake. Wewe uliiona ile shingo. Uliiona Krismasi baada ya Krismasi, na ulijua jambo ambalo sisi wengine hatukulijua.

Halafu Baba akaugua tumbo. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, nikapanda kutoka mjini kuja kukusaidia kumuuguza. Mchana mmoja, jua limepenya kwenye migomba mpaka kitandani kwake, nilikuwa nimeshika bakuli la mtori wa ndizi niliokuwa nimempoozea. Akakisukuma kijiko kando. Akakutazama wewe, umesimama mlangoni na kanga yako ya bluu.

"Kaka hajatuma mtu?" akauliza.

Ukasema, "Hajatuma."

Alifumba macho. Hakulia wala hakuuliza tena, si siku ile wala siku zilizobaki. Mtori ulipoa mikononi mwangu mpaka ukaganda, na nakumbuka nilikuonea huruma wewe, Mama. Nilidhani umetamka neno gumu kwa sababu ndilo lililokuwa kweli.

Siku ya kumzika, Baba Mkubwa alisimama ng'ambo ya mfereji, kofia mkononi. Jeneza likashushwa, yeye amesimama. Tukatupa udongo, yeye amesimama. Hakuvuka. Mfereji wenyewe mtoto wa kuanza shule anauruka! Nikasema huyu si mtu, huyu ni jiwe. Na wewe ulikuwa kando yangu, ukanishika mkono, ukaniacha niseme. Alipokufa na yeye, hakuna aliyevuka kutoka kwetu.

Ikafika zamu yako. Kanuti ndiye aliyekuwa mwenye nyumba ya Uru, kitinda mimba kama Baba, na kwa haki ungekaa kwake. Lakini kisukari kilipokuzidi na mguu ukaanza kukataa mteremko wa kwenda kliniki, nikakuleta kwangu Rau. Unakumbuka ulivyokisema vibaya chakula changu? "Felista, huu ni mtori au ni maji uliyooshea vyombo?" Daktari alikuwa amekataza mafuta, amekataza sukari, na wewe ulikuwa unamtuma binti yangu Neema dukani akuletee soda, mnaificha chini ya mto kama wanafunzi wa bweni. Nilijua. Nilijifanya sijui, maana hata mimi nilikuwa nakuonea huruma.

Zile zilikuwa siku nzuri, sitadanganya kwa sababu nimekasirika. Asubuhi tulikaa kibarazani, mlima umejifunua wote mweupe, na wewe ukauangalia kwa dharau. "Mlima wa huku chini ni mdogo," ulisema. "Mlima wenyewe ni ule wa Uru." Nikakuambia ni mlima huohuo mmoja. Ukasema nimeshakuwa mtu wa mjini, sijui kitu. Tulikuwa peke yetu pale, chai mkononi, hakuna wa kutusikiliza. Kila asubuhi ulikuwa na nafasi ya kuniambia. Ukachagua kuniambia habari za mlima.

Ukakonda. Ukafa nimekushika, tukakupandisha Uru. Watu wamejaa uwanjani, jeneza limefunguliwa wakuage, Kanuti akasimama. Mdogo wangu, niliyembeba mgongoni ukiwa shambani. Akasema mbele ya wote, "Mama alitoka hapa ana mwili wake. Angalieni alivyorudi. Dada amemuua mama kwa njaa."

Nikatafuta mtu wa kusema neno moja. Mume wangu alikuwa pale, akanishika bega akaninong'oneza, "Mwache, ana uchungu." Ana uchungu! Mimi je, nilikuwa nimekuja kwenye sherehe? Nikawaangalia wanawake waliokuwa wanamenya ndizi. Wakainamisha vichwa, wote, kama wale wa siku ile.

Niliondoka kabla ya kuanua matanga. Mama Mkubwa, mjane wa Baba Mkubwa, alikuwa amesimama upande wake wa mfereji kwa fimbo yake. Nikamwamkia kwa shingo upande.

"Marahaba," akasema. "Pole, mwanangu. Lakini msishangae. Nyumba iliyokataa isale haiwezi kupata amani."

"Isale gani, Mama Mkubwa?"

Akanitazama kama anayemtazama mwongo. "Hujui? Mzee wangu alipeleka isale kwa baba yako. Alimtuma mzee wa ukoo, meku Ludoviko. Baba yako alikuwa ameshuka kupeleka kahawa, mama yako akalipokea. Nilikuwa nimesimama hapahapa nikamwona kwa macho yangu. Mbege tulikuwa tumeshapika. Tukasubiri baba yako aje, tukasubiri, mbege ikachacha tukaimwaga. Ndipo mzee wangu akasema, kama mdogo wangu amekataa isale, siku nitakayovuka huu mfereji nitakufa."

Kumbe ndiyo maana alisimama vile na kofia yake. Hakuwa jiwe. Alikuwa mtu aliyeamini amekataliwa na ndugu yake wa tumbo moja, akaja kumzika kutoka mbali kadiri alivyothubutu. Na huku Baba alikuwa amekufa akiamini kaka yake hakumjali hata kidogo. Wote wawili wakaenda hivyo.

Nilirudi uwanjani, nikapita katikati ya watu bila kumtazama yeyote, nikazunguka nyuma ya zizi la mbuzi. Lilikuwa palepale, limeota na watoto pembeni. La mtu aliyekosea nyumba.

Hukulitupa, Mama, na hilo ndilo linaloniumiza kupita yote. Ungelitupa kwenye samadi likaoza, ningesema ulipitiwa, ni hasira ya siku moja. Lakini ulichukua jembe ukalichimbia shimo. Ulikuwa na woga wa laana, hivyo hukulikataa. Ulikuwa na kisasi, hivyo hukulifikisha. Ukalipanda mahali ambapo wewe peke yako ungeliona kila ukienda kuwapa mbuzi majani, ukalilinda, ukamchapa mtoto kwa ajili yake. Na Baba akakuuliza akiwa anakufa, ukiwa na jibu umbali wa kutupa jiwe, ukasema hajatuma.

Nilikuchukia. Naliandika hili neno na mkono wangu hautetemeki. Nilishuka Moshi siku ile nakuchukia, nikalala nakuchukia, na ningeendelea kukuchukia kwa raha zangu mpaka kesho kama Kanuti asingetuma isale.

Neema anaolewa, Mama. Yule mshirika wako wa soda. Na harusi haiendi bila mjomba: ana kiti chake, ana maneno yake ya kusema, ana fungu lake la nyama, na Kanuti hajawahi kukosa fungu tangu azaliwe. Basi akamtuma mzee mmoja wa ukoo hadi kwangu Rau. Baba Neema alikuwa Arusha, mimi nilikuwa nafua. Nikamkaribisha mzee, akanywa chai, tukaulizana habari za mvua na ugonjwa wa migomba. Alipomaliza chai akafungua mfuko wake akatoa isale, limekatwa vizuri na shina lake.

"Hili ni la Baba Neema," akasema. "Shemeji yake anamwomba yaishe."

"Baba Neema alikosewa nini?" nikamuuliza.

Akacheka kidogo, vile watu wazima wanavyowachekea watoto. "Mama Neema, ndiyo desturi, wewe umeolewa. Mpe tu mzee akirudi. Yeye atakuambia."

Yeye ataniambia! Mimi niliyeitwa muuaji wa mama yangu mbele ya jeneza, nikae nimsubiri mume wangu atoke Arusha aje aniambie kwamba nimesamehe. Nilimshukuru mzee, maana ulinilea vizuri, nikamsindikiza hadi barabarani. Nikarudi uani nimeshika lile isale, mikono bado ina povu la sabuni. Na pale, Mama, ndipo nilipokuona.

Nilikuona umesimama uani Uru, umri wako mdogo kuliko wangu wa sasa. Meku Ludoviko ameshaondoka, na wewe umebaki na isale lenye ujumbe kwa mumeo. Walikuwa wanaombana radhi kwa ajili ya kaburi. Nani alikuomba radhi kwa ajili ya kile kikombe cha maji? Wahenga wetu hodari wa kusema, wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Hawakusema mwanamke afanye nini ndugu wakipatana na yeye bado anaitwa muuaji. Ungelifikisha lile isale, wangekunywa mbege, wangekumbatiana, na wewe ungeambiwa uwapikie. Na ungewapikia.

Nikachukua ndoo iliyokatika mkono, nikajaza udongo, nikalichomeka nyuma ya tangi la maji. Nikalimwagia maji. Mikono ilifanya yenyewe, sikuiamuru. Baba Neema aliporudi akauliza, habari za hapa? Nikasema nzuri.

Isale ni mmea mgumu, halihitaji kubembelezwa. Likashika. Nikawa napita pale kila asubuhi kuliangalia, na nitakuambia siri kwa vile wewe mwenyewe unaijua: kuna utamu ndani yake. Kujua kwamba Kanuti yuko Uru anahangaika, anajiuliza kwa nini kimya, na dawa yake iko kwenye ndoo yangu. Wewe uliishi na utamu huo miaka yote. Sasa najua ladha yake.

Wiki iliyopita Neema alikuwa amekaa sebuleni na sare za harusi magotini, anapanga nani atakaa wapi. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia. Akauliza bila kuinua kichwa, "Mama, hivi Mjomba hajatuma mtu?"

Hakujua anachosema. Hakuwahi kumwona babu yake kitandani. Nilisimama na sinia langu na neno lako likawa limeshafika mdomoni, tayari, lilikuwa linasubiri tu pumzi. Ni neno jepesi sana, Mama. Sikuwahi kulidhania jepesi vile.

"Ametuma," nikasema.

"Kumbe! Sasa si yameisha?"

"Bado. Ametuma, lakini halijanifikia."

Nikamwambia yote, na baba yake akiwepo. Baba Neema alitikisa kichwa akasema ningempa tu lile jani, jambo dogo lingekuwa limeshaisha. Nikamwambia kama ni dogo ajaribu kulibeba yeye. Jumamosi nikapanda Uru na ndoo yangu.

Kanuti alikuwa anawakatia ng'ombe majani. Aliponiona na ile ndoo, panga likamtoka mkononi. "Dada," akasema, "unakataa isale?"

"Sijakataa. Umekosea nyumba."

"Nyumba ipi tena? Si nimeleta kwako Rau?"

"Umeleta kwa Baba Neema. Muulize kama ulimwita muuaji."

Akaangalia chini. "Dada, isale halipelekwi kwa mwanamke. Wazee watanicheka."

Nikamshika mkono kama nilivyokuwa namshika tukienda shule, nikampeleka nyuma ya zizi. Nikamwambia, hili ndilo ulilochapiwa. Nikamweleza lilikotoka, nikamweleza habari za nyama ya Krismasi na shingo ya Baba, za kofia ya Baba Mkubwa, za neno lako pale mlangoni. Na nikamweleza habari za kikombe cha Bibi, maana yeye alikuwa bado hajazaliwa, alikuwa hajui kwamba lile neno alilonitupia mimi wewe ulishatupiwa kabla yangu. Akakaa juu ya samadi kavu, mtu mzima mwenye mvi, akalia. "Maskini Mama," alikuwa anasema. "Maskini Mama."

Sikumbembeleza. Nilitamani hata mara moja aseme maskini dada, hakusema. Nikaiweka ndoo miguuni pake.

"Likipata njia ya kunifikia mimi, nipo Rau," nikamwambia. "Uje mwenyewe, si kumtuma mzee. Unishikishe mkononi. Halafu siku ya harusi, mbele ya walewale waliokuwepo, useme ulichokisema na useme kwamba ni uongo."

Hajaja. Harusi inakaribia na sijui kama atakuja. Anaogopa kuchekwa, na ana kiburi chako. Asipokuja, kiti cha mjomba kitakaa wazi, na fungu lake la nyama nitalikata mimi mwenyewe nilitundike jikoni. Nitageuza shingo kila mtu atakapokohoa njiani, najijua. Lakini hakuna mtoto wa nyumba hii nitakayemwambia kwamba hajatuma.

Siku ile kabla ya kushuka nilikata kipande cha isale lako nikavuka mfereji. Nikakiweka kwenye kaburi la Baba Mkubwa, nikamwambia, "Baba hakukukataa, isale lako hakuliona." Mama Mkubwa alinitazama kutoka kibarazani. Nikamkumbusha habari za kile kikombe cha maji, kwamba mimi ndiye niliyekuwa nakishika na Bibi hakufa na kiu. Akasema, "Nilijua." Basi. Nilijua. Nikaondoka.

Nikapita na kwako, mikono mitupu. Isale la kukuomba wewe radhi lilipaswa kutoka ng'ambo ya mfereji ulipokuwa hai, na aliyepaswa kulituma ameshaoza. La kukusamehe ni langu, Mama, na bado sijalikata. Nikikumbuka kanga ya bluu pale mlangoni nashindwa. Nikikumbuka vidole vyako vilivyopasuka kwa maji ya mfereji nanyanyua panga. Halafu nashindwa tena.

Lala. Mbuzi wako wazima, lile isale nimemwambia Kanuti asiling'oe. Siku nitakayoweza, nitalileta kwa mkono wangu. Sitamtuma mtu.

Ni mimi binti yako,
niliyekuwa nimeshika bakuli la mtori.